Ajali, Ukingo na Maji ya Kunywa

Magazeti yetu yana neno moja kwa kila kinachoanguka. Basi likiacha barabara ni ajali. Kivuko kikizama ni ajali. Duara la wachimbaji wadogo likifukia watu ni ajali ya mgodi, na kesho yake tunasoma idadi, tunaona picha ya kiongozi amevaa buti za mpira, tunasikia pole. Januari 2024, kwenye machimbo ya Ng'alita wilayani Bariadi, mkoani Simiyu, udongo uliwafunika wachimbaji na zaidi ya 20 wakafa. Ulikuwa msimu wa mvua nyingi, ule ule ambao wiki chache nyuma yake, tarehe 3 Desemba 2023, ulishusha tope la Mlima Hanang juu ya mji wa Katesh. Matukio mawili: moja la mlima ambao hakuna binadamu aliyeuchonga, jingine la shimo lililochimbwa na mikono ya watu. Tukayapa jina lile lile.

Jina hilo limenikaa kichwani kwa muda sasa. Ukirudi kwenye kamusi za zamani, ajali haikuanza na trafiki. Neno lilitoka Kiarabu likiwa na maana ya muda uliopangwa, mwisho aliokadiriwa mtu. Wazee bado wanasema ajali yake imefika, na hapo hawazungumzii gari. Ndipo methali inapopata uzito wake: ajali haina kinga. Haimaanishi mtu asifunge mkanda. Inamaanisha kilichoandikwa kimeandikwa. Sasa lugha ikiwa na neno moja linalobeba yote mawili, tukio baya na majaaliwa, kila anayelitumia kwa maana ya kwanza anapewa ya pili bure, kama nyongeza ya sokoni. Msemaji wa kampuni yoyote akisimama mbele ya kamera na kusema "ajali imetokea", nusu ya utetezi wake imeshafanywa na Kiswahili chenyewe.

Swali langu ni hili, na nalileta hapa kwa wapenzi wa fasihi kwa sababu sisi ndio tunaojidai kujali maneno. Ukuta wa mgodi wa wazi ukiporomoka, na jirani yake kuna bwawa, tenki au bomba la maji ya watu, tuna haki ya kuiita ajali?

Tuanze na kilicho imara. Mtu akishuka Mwanza kwa mara ya kwanza, kinachomshangaza ni mawe. Yamekaa juu ya nyumba za watu, yamebebana, mengine yamesimama kwenye ncha. Jiwe la Bismarck, pale karibu na kivuko cha Kamanga, linaonekana kama litadondoka ziwani mtu akipiga chafya. Halidondoki. Wanajiolojia wanaeleza kwamba mawe haya ni mabaki: graniti ilioza polepole chini ya ardhi kufuata nyufa zake, udongo uliooza ukachukuliwa na mvua kwa muda mrefu sana, yakabaki haya mapande magumu ya mviringo yakiegemeana. Yaani sehemu kubwa ya kilichotaka kuanguka kilishaanguka zamani, hata kabla hajazaliwa Msukuma wa kwanza wa kukishuhudia. Tunachokiona ni kile kilichofaulu mtihani.

Ukuta wa mgodi ni kinyume chake. Ukiutazama kwenye picha unavutia kuliko mawe yetu: umenyooka, una ngazi kama majukwaa ya uwanja wa mpira, na barabara ya malori inazunguka mpaka chini. Lakini ni mlima wa juzi. Hajaja mtu wala mvua ya kuupima. Mtihani wake ndio kwanza umeanza, na sisi tumo ndani ya chumba cha mtihani.

Na mlima wa juzi haushuki ghafla kama tunavyodhani. Hili ndilo lililonishangaza kuliko yote nilipoanza kusoma mambo haya. Ukuta hutambaa kwanza. Ufa unatokea kwenye ukingo wa juu, upana wa kidole, ng'ombe anaweza kuuruka bila kuuona. Mvua inaujaza. Maji yanaingia kwenye mipasuko ya mwamba na kusukuma kutoka ndani, yakipunguza mshiko wa jiwe kwa jiwe. Kisha unaanza mwendo, milimita kwa siku, baadaye sentimita, halafu kasi inaongezeka. Migodi mikubwa siku hizi ina rada inayoutazama ukuta usiku na mchana na kuona kile ambacho jicho haliwezi. Tarehe 10 Aprili 2013, kwenye mgodi wa shaba wa Bingham Canyon huko Utah, Marekani, ukuta ulishuka kwa mapigo mawili na kumwaga zaidi ya mita za ujazo milioni 60 za mwamba shimoni. Ni moja ya maporomoko makubwa kabisa kuwahi kutokea kwenye mgodi. Waliokufa: hakuna hata mmoja. Mwendo ulikuwa umeonekana kwa miezi, tahadhari ikatolewa, watu wakaondolewa.

Soma tena hilo. Mlima mzima umeanguka na hakuna aliyekufa, kwa sababu mtu alikuwa anatazama na aliyeambiwa akaondoka. Baada ya Bingham, sioni jinsi mgodi wenye vifaa vyake unavyoweza kusema haukujua. Unaweza kusema haukutazama, au ulitazama ukaona faida ya wiki mbili zaidi. Hayo ni mazungumzo mengine, na hayahitaji neno lenye harufu ya Lauhi Mahfudhi.

Turudi kwetu. Geita siku hizi ni mkoa wake, lakini mpaka 2012 ilikuwa wilaya ya Mwanza, na daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa 2025 limeisogeza karibu zaidi. Mgodi mkubwa wa dhahabu wa pale ulifunguliwa mwaka 2000, na kwa miaka mingi moyo wake ulikuwa shimo la Nyankanga, shimo la wazi la mamia ya mita kwenda chini. Mapema mwaka 2007 sehemu ya ukuta wa shimo hilo iliporomoka. Ukisoma namna tukio lile lilivyoelezwa kwa wanahisa, unakutana na lugha ya uzalishaji: madini yaliyokuwa yafikiwe hayakufikika kwa wakati. Siwalaumu kwa hilo. Wanahisa ndio waliokuwa wanaongea nao, na kila msikilizaji huandaliwa sentensi yake.

Kilichonishika ni jina. Nyankanga ni shimo, na Nyankanga ni bwawa pia. Bwawa la Nyankanga ndilo mgodi ulilotumia kwa shughuli zake, na kutoka bwawa hilo hilo mji wa Geita ukapata maji ya bomba. Sileti tuhuma hapa. Nasema tu kwamba kwenye kanda hii shimo na kisima vinaweza kuitwa kwa jina moja, na mtoto wa Geita akisema "Nyankanga" inabidi umuulize anamaanisha lipi: pale panapotoka dhahabu au pale panapotoka maji.

Sasa tuzungumze pembe, maana maadili yote ya jambo hili yamejificha kwenye pembe.

Chukua shimo la kubuni, lenye kina cha mita 300. Ukiuchonga ukuta wake kwa nyuzi 45, ukingo wa juu unakaa mita 300 nyuma ya kitako, kwa kipimo cha bapa. Ukiulaza kidogo tu, nyuzi 44, ukingo unarudi nyuma karibu mita 11 zaidi. Ni kidogo, sivyo? Lakini mita hizo 11 inabidi zichimbwe, kwa urefu wote wa ukuta, na ni mwamba usio na dhahabu. Kwa ukuta wa kilomita moja, nyuzi moja hiyo ni kama mita za ujazo milioni 1.6, yaani zaidi ya tani milioni 4 za mawe ya kutupa. Lori la tani 100 litaenda na kurudi mara 43,000. Dizeli, matairi, mishahara, baruti. Kwa hiyo mhandisi akikaa na mkurugenzi wa fedha kuamua kama ukuta uwe na nyuzi 45 au 44 au 40, wanachobishania ni hela nyingi mno. Kila nyuzi anayoidai mhandisi ina bei.

Wanasuluhisha ubishi huo kwa namba inayoitwa kigezo cha usalama. Ni hesabu rahisi kuielewa: unachukua nguvu zinazoushika ukuta, unagawa kwa nguvu zinazouvuta chini. Ukipata 1, ukuta uko kwenye ncha ya wembe. Ukipata 1.3, kila 100 inayovuta ina 130 inayoshika. Kuta nyingi za migodi huchorwa kwa 1.2 au 1.3. Mabwawa ya maji huwa yanadaiwa 1.5. Ukiuliza kwa nini tofauti, utajibiwa kwamba shimo la mgodi ni la muda, lina watazamaji, na anayefanya kazi mle amekubali kazi yake. Bwawa ni la umma na la vizazi.

Jibu hilo nalikubali, tena kwa moyo. Ni jibu la haki kabisa ndani ya uzio. Kampuni inayochagua 1.2 inabahatisha malori yake, ratiba yake na dhahabu yake. Wafanyakazi wana rada, king'ora, na msimamizi mwenye mamlaka ya kusema tokeni. (Kama kweli mfanyakazi wa zamu ya usiku "amekubali" kwa maana ambayo mwanafalsafa angeridhika nayo, hilo tuliache, litatumalizia siku.) Anayekula faida ya ukuta mkali ndiye anayebeba hasara ukianguka, angalau kwenye karatasi.

Lakini weka tenki la maji la mji mita 80 kutoka kwenye ukingo huo. Au bomba kuu. Au bwawa. Ukuta ni ule ule, namba ni ile ile, na hakuna aliyegusa kitu. Ila maana ya namba imegeuka chini chini. Ile 1.2 iliyokuwa uamuzi wa mtu kuhusu mali yake sasa ni uamuzi wake kuhusu koo za watu wengine. Na haya mapya hayana njia ya kutokea. Lori unalihamisha kwa dakika tano. Chanzo cha maji hakihami. Huwezi kuupigia mji king'ora ukauambia uhame maji yake mpaka mtakapowaarifu.

Kuna jambo la kimaumbile linaloufanya ujirani huu kuwa mbaya kuliko unavyoonekana. Nimesema adui wa ukuta ni maji. Tenki linavuja, kila tenki linavuja kidogo. Bomba la zamani linatoa machozi kwenye maungio. Bwawa linapenyeza chini kwa chini. Kwa hiyo maji ya umma yanaulowesha ukuta unaoyatishia. Upande wa pili, mgodi ili ukuta wake ukauke inabidi uvute maji ya chini ya ardhi, na visima vya majirani vikashuka. Kila mmoja anamdhuru mwenzake kwa kufanya tu kazi yake halali. Ndoa nyingi zimevunjika kwa utaratibu huo huo.

Ni nini hasa kinachokuwa rehani? Kwa mtu wa Kanda ya Ziwa haihitaji maelezo marefu. Maji ya Shinyanga na Kahama yanatoka Ihelele, kijiji cha Misungwi kwenye ufuo wa ziwa, kwenye mradi uliozinduliwa 2009. Yanasukumwa kupanda hadi tenki la kilima cha Mabale, na kutoka hapo yanashuka yenyewe kwenda mijini. Baadaye bomba likaendelezwa hadi Nzega, Igunga na Tabora. Fikiria ukubwa wa jambo hilo: mtu wa Tabora anakunywa Ziwa Victoria kwa sababu kilima kimoja cha Misungwi kimesimama palipostahili. Mteremko ndio unaomnywesha. Na bomba hilo linapita kwenye nchi ya dhahabu na almasi, ambako kila mwenye leseni anatazama chini. Wale waliokua kabla ya bomba wanajua maana ya mama kuamka saa tisa usiku na madumu, maana ya kugombania lambo na ng'ombe, maana ya kipindupindu. Wanajua pia kwamba bomba likikatika, anayerudi kubeba dumu siyo yule aliyechora pembe.

Tena tumeshaonjeshwa. Tarehe 7 Novemba 2022 kule Mwadui, Kishapu, ukuta wa bwawa la tope la mgodi wa almasi wa Williamson ulipasuka, na tope likatoka nje ya mgodi kwenda kwenye ardhi ya vijiji jirani. Mgodi ulisimama mpaka Julai 2023. Ukuta wa bwawa la tope ni mteremko kama mwingine, umejengwa badala ya kuchimbwa, basi. Sheria za maumbile ni zile zile. Na wengi wetu tuliita nini? Hata mimi nimetafuta neno jingine hapa nikaishia kwenye "tukio", neno lisilo na ladha, lakini walau halijamsingizia Mungu.

Kuna hadithi moja ya Italia ambayo nadhani kila mwandishi anapaswa kuijua. Kwenye bonde la Vajont walijenga bwawa refu la umeme, na pembeni ya bwawa ulikuwepo mlima Toc. Maji yalipoanza kupandishwa, mlima ukaanza kutambaa. Novemba 1960 kipande kikashuka ziwani. Wahandisi wakaona, wakapima, wakaamini wataweza kuuongoza mlima kwa kupandisha na kushusha maji, kama mtu anayemtuliza farasi. Mwandishi wa habari mwanamke, Tina Merlin, alikuwa ameandika mapema juu ya hofu ya wanavijiji. Alishtakiwa kwa kueneza habari za uongo na kuvuruga utulivu wa umma. Mwaka 1960 mahakama ikamwachia huru. Usiku wa tarehe 9 Oktoba 1963 mlima ukashuka wote kwa mara moja ndani ya bwawa, maji yakaruka juu ya ukingo, na watu karibu 2,000 wa mabonde ya chini wakafa. Bwawa lenyewe halikuvunjika. Bado limesimama mpaka leo, zege safi kabisa.

Nisichoweza kukisahau katika kisa hiki siyo maporomoko. Ni kwamba wanavijiji walijua, wahandisi walijua kwa namba, mwandishi akaandika, na katika watu wote hao aliyefikishwa mahakamani kabla ya maafa ni yule aliyeandika. Kosa lake lilikuwa kuvuruga utulivu. Utulivu wa nani? Mlima haukuwa umetulia.

Msomaji ataniambia: ndugu yangu, wewe unataka kumlaumu mtu kwa kila kitu. Ni kweli fasihi yetu ina ugonjwa huo, na ugonjwa huo naupenda. Kezilahabi, mtoto wa Ukerewe, aliandika *Rosa Mistika* mwaka 1971, na tangu hapo madarasa ya Kiswahili hayajaacha kubishana nani alaumiwe, baba aliyelea kwa fimbo au binti aliyechagua njia zake. Hakuna mwalimu mwenye akili anayemaliza kipindi kwa kusema "ilikuwa ajali". Tungemcheka. Sasa kama tunamdai Zakaria atoe hesabu kwa maisha ya binti mmoja wa kubuni, kwa nini tunakuwa wapole hivi mbele ya ukuta uliochorwa, ukajadiliwa bei, ukasainiwa?

Lakini pingamizi zito siyo hilo. Pingamizi zito linatoka milimani kwetu hapa hapa Mwanza. Panda vilima vya pembezoni mwa jiji utawakuta akina mama na vijana wanaponda kokoto. Jiwe kubwa linawashiwa moto, mara nyingi wa matairi, mpaka lipasuke, halafu nyundo. Ndoo kwa ndoo, kokoto inakuwa nguzo za maghorofa tunayojivunia. Nao wanachimba mteremko. Nao wanalegeza mawe ambayo yalikuwa yameshafaulu mtihani wake. Matenki ya maji ya jiji nayo yamewekwa juu ya vilima, kama ilivyo lazima yawekwe. Je, mama wa kokoto naye nimpe mashtaka yale yale?

Nimelifikiria sana hili na jibu langu ni hapana, ingawa jiwe likianguka halitauliza nani alilichokoa. Mama yule analala chini ya kilima anachokichimba. Bomba likipasuka, ndoo yake ndiyo ya kwanza kuwa tupu. Hana mchoro, hana rada, hakuna aliyemletea namba mbili achague ya bei nafuu. Hatari yake anaibeba mwenyewe, mgongoni, pamoja na mtoto. Tunaweza kumzuia, pengine ni lazima tumzuie, na tukimzuia tuna deni la kumpa kazi nyingine. Aliyekaa mbali, akijua namba, akachagua pembe ambayo hatari yake itawaangukia wengine na akiba yake itabaki kwake, huyo amefanya kitu cha aina tofauti kabisa. Ukubwa wa shimo siyo tofauti yao. Tofauti ni umbali kati ya mkono uliochagua na koo lililokauka.

Na wenye mgodi nao wana hoja yao, tusiipite. Mgodi umeleta barabara, ajira, kodi. Geita mgodi ndio uliosaidia maji kufika mjini. Mimi mwenyewe naandika haya kwenye kompyuta yenye dhahabu kidogo ndani yake, inatoka wapi? Sawa. Lakini aliyekujengea kisima hapati kwa hilo ruhusa ya kuchimba chini ya ukingo wake. Tena neno lenyewe, ukingo, limezaliwa na kukinga. Ukingo wa kisima ni kile kinachokinga mtoto asitumbukie. Tunapouita mwisho wa juu wa shimo la mgodi ukingo, tunautaka ufanye kazi hiyo hiyo, hata kama aliyeuchora hakuwa na mtoto kichwani.

Sheria ipo. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinakataza shughuli za kibinadamu za kudumu au zenye kuathiri mazingira ndani ya mita 60 za ufuo wa ziwa, kingo za mto, bwawa au hifadhi ya maji. Mita 60 tumezizoea Mwanza. Ndizo zinazotajwa kila nyumba ya ufukweni inapowekewa alama ya X nyekundu. Ni sheria nzuri kwa mashamba, vyoo na mahoteli. Ila imepima kwa kamba iliyolala chini, wakati hatari ya shimo inapimwa kwenda chini. Rudi kwenye shimo letu la mita 300. Ukuta wa nyuzi 45 ukishuka na kutulia kwenye nyuzi 38, ukingo wake unarudi nyuma mita 84. Bwawa lililokuwa mita 61 kutoka ukingoni, likiwa limetii sheria kwa mita moja ya ziada, sasa halina ardhi chini yake. Kwa shimo la mita 30 hesabu hiyo hiyo ni mita 8 tu na hakuna wa kulala macho. Umbali wa haki unategemea kina, na kina ni siri ya mwenye mchoro mpaka atakapoulizwa.

Anaweza kuulizwa. Sheria hiyo hiyo inataka tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya mradi, na wananchi washirikishwe. Tatizo ni kwamba taarifa huja ikiwa nene kama Biblia, kwa Kiingereza, na pembe ya ukuta iko kwenye kiambatisho cha mwisho. Kwenye mkutano wa kijiji linasomwa lile la ajira, linasomwa la zahanati na madawati. Watu wanapiga makofi, na wana sababu ya kupiga makofi. Kisha mwenyekiti anafika kwenye kipengele cha mwisho cha ajenda zetu zote, mengineyo, jua limeshapinda, wengine wameanza kukung'uta kanga wanyanyuke. Hapo ndipo ninapotaka mtu mmoja anyooshe mkono. Aulize pembe ni ngapi na nani aliichagua. Aulize kigezo ni 1.2 au 1.5, na kama maji ya kijiji yamehesabiwa ndani ya namba hiyo au nje. Aulize king'ora kinasikika mpaka wapi, na usiku ule rada itakapoona, nani atapigiwa simu wa pili baada ya meneja. Aombe majibu yaandikwe kwenye muhtasari wa mkutano, kwa Kiswahili, na tarehe.